Saa Kumi na Moja ya Bwana Mifugo

Bwana Mifugo alikuwa na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na iliyoandika ilikuwa moja. Nilizihesabu mara mbili, nikamwita tapeli moyoni, kisha nikagundua nimekosea. Moja ilikuwa ya kuchokonolea kinyesi cha ng'ombe, nyingine ya kuinulia mdomo wa mbuzi, na ole wako uazime bila kuuliza.

Kitu chochote ulichompa alikipokea kwa mikono miwili. Maji ya kunywa, mikono miwili. Kupe uliyemng'oa kwenye sikio la ndama, mikono miwili, kama anapokea zawadi ya harusi. Pikipiki aliyopewa kazini aliisukuma zaidi ya kuiendesha, na akifika kwako anatoka jasho yeye, pikipiki imekaa baridi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, maana sikumuuliza na yeye hakusema. Ninachoweza kueleza ni wivu wangu juu yake, ambao niliutunza vizuri kuliko nilivyotunza punda.

Punda ndio kazi yangu. Nina saba, nahesabu asubuhi na nahesabu tena baada ya chai, kwa sababu punda ana tabia ya kupungua kati ya chai na chai. Wanabeba maji na viroba vya mawe kwa wachimbaji wadogo huku Bugarama, kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, hadi kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, na kutoka karasha hadi mwalo, pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa kutafuta dhahabu. Kabla ya Bwana Mifugo kuletwa kwetu, punda yeyote akikohoa katika kata nzima, alikuwa anakoholea mlangoni kwangu. Watu walinisubiri. "Baba Kulwa, mtazame huyu." Namtazama kwa mbali, sifungui mdomo, sishiki mguu. Masikio yake yananiambia umri, mkia unaniambia kama amelala njaa. Na akiwa anajikuna, dawa ilikuwa moja, inajulikana, ilikuwa na jina langu: oili chafu ya mashine ya karasha, brashi moja ya kupakia rangi, mpake kuanzia shingo mpaka mkia. Punda aling'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. Kama hakupona, basi alikuwa na tatizo lingine.

Halafu akaja yeye na kalamu zake.

Jambo la kwanza lililoniuma ni kiti. Nyumbani tuna viti vitatu, kimoja kina mgongo, na ni changu. Siku aliyofika kutusalimu, Mama Kulwa, mke wangu, alimkaribisha kwenye chenye mgongo. Mimi nikakalia ndoo. Nilitegemea atainuka, mtu mzima anajua kiti cha mwenye nyumba. Hakuinuka. Alikunywa uji, akausifu, akaongezwa. Vikombe viwili. Mimi mwenye uji nilikunywa kimoja.

Jambo la pili lilikuwa Shangazi.

Shangazi ni punda jike niliyemnunua upande wa Kishapu, sehemu kavu, yenye upepo na maji ya kisima kirefu. Nilimwita hivyo kwa sababu ya kununa. Ndiye anayejua njia, wengine sita wanamfuata. Ukimsifu anageuza uso, ukimpiga anasimama mpaka umwombe radhi. Miaka miwili niliyokaa naye hakuwahi kunisogelea kwa hiari yake. Bwana Mifugo alisimama kando yake mara moja, anaongea na mimi habari za chanjo, na Shangazi akasogea, akaweka kidevu chake juu ya bega la yule mzee, akafumba macho. Pale mwalo, mbele ya watu.

Mama Neema, anayepikia wachimbaji, aliacha mwiko kwenye sufuria. "Baba Kulwa, we! Shangazi kapata mume!"

"Ana joto huyo," nikasema. "Anatafuta kivuli."

"Kivuli chako hakimtoshi?"

Watu walicheka. Nilihesabu waliocheka: kumi na mmoja.

Wakati ule Shangazi alikuwa ameanza kujikuna. Manyoya ya shingoni yalianza kukatika, yale marefu ya juu, kisha mzizi wa mkia ukabaki ngozi tupu. Alijisugua kwenye nguzo ya banda mpaka nguzo ikalala. Alijisugua kwenye mti mpaka mti ukaanza kutoa utomvu na yeye akaanza kutoa damu. Nikampaka oili. Nikampaka tena. Akang'aa, akaendelea kujikuna.

Bwana Mifugo alikuwa na msemo wake: "Tusibishane, tumuulize mwenyewe." Na kumuuliza mwenyewe maana yake ilikuwa kusimama. Alikuja saa tisa alasiri, akasimama kando ya madimbwi ya mwalo walipofungwa punda wangu, hafanyi chochote. Nikamwuliza kama amepotelewa na kitu. "Nangoja," akasema. Jua lilipoanza kulegea, kama saa kumi na moja hivi, akakunja suruali mpaka magotini na shati mpaka viwikoni, akakaa kwenye jiwe katikati ya punda kama yeye ni wa nane. Usubi ukatoka kwenye matope. Wale wadudu wadogo kama vumbi, ambao huwaoni mpaka wakuume. Ukamjaa miguuni. Hakuupiga. Aliutazama unavyokunywa.

"Njoo uone, Baba Kulwa. Wanapendelea wapi kwa Shangazi?"

Nikatazama kwa sababu kazi yangu ni kutazama. Ulijaa shingoni na kwenye mzizi wa mkia. Palepale penye vipara.

"Huo si upele," akasema. "Ni mzio. Aleji, mnavyosema. Ana aleji ya mate ya usubi."

Nikacheka, kwa sauti, ili wasikie. "Bwana Mifugo, nina punda saba. Hesabu. Haya, hesabu tena. Wote wanalala hapa, wanaumwa na usubi huuhuu. Sita hawajikuni. Usubi unachagua?"

Aliipokea hoja yangu kama anavyopokea kupe, kwa mikono miwili. "Swali zuri sana hilo," akasema, na nilichukia alivyolisifu, kwa sababu nilijua analo jibu.

"Mwizi akikuibia kuku mmoja, baba, mnafanya nini?"

"Tunapiga mwano." Mwano ni yowe letu sisi Wasukuma, ukilipiga hakuna anayebaki ndani.

"Wanakuja wangapi?"

"Sungusungu wote. Vijiji vitatu, na mishale yao."

"Wanapita wapi?"

"Popote. Mwizi hapiti barabarani."

"Na mahindi yako?"

Mama Neema akanijibia: "Mahindi si yanalala chini, Bwana Mifugo! Mwaka juzi kwetu walimtafuta mwizi wa bata, tukakosa hata la kuchoma."

"Basi," akasema, anamkuna Shangazi nyuma ya sikio kwa kalamu, ile ya mbuzi. "Usubi ukiuma unaacha mate kidogo. Mate yale peke yake hayamwumizi. Lakini kinga ya mwili wake iliyaona, ikashika sura yake, ikagawa filimbi kwa walinzi waliopangwa kila mahali chini ya ngozi. Kila mlinzi ana filimbi mkononi na mkoba kiunoni, na ndani ya mkoba mna maji ya kuwasha. Mate yakirudi, hata tone, filimbi zinalia na mikoba inafunguliwa yote kwa pamoja. Ngozi inavimba. Kesho yake wanafika askari wengine waliosikia kelele, na wao wanakanyaga. Halafu yeye mwenyewe anamalizia kwenye mti. Kinachomjeruhi si mwizi. Ni msaada."

"Na wale sita?"

"Wale sita nao wanaibiwa kuku. Ila ndani yao yuko wa kuwaambia walinzi: ni kuku mmoja tu, rudini majumbani. Wamezaliwa hapa?"

"Hapahapa."

"Usubi umewauma tangu wananyonya, miili imeshazoea. Huyu umemleta mkubwa. Vitabu vinaeleza hivyo kwa farasi, kwamba wanaohamishwa ukubwani kutoka nchi za baridi zisizo na usubi huu ndio wanaoteseka zaidi. Kwa punda nakisia tu." Hilo lilikuwa jambo lake jingine. Alikuwa anasema "nakisia" mbele ya watu, bila aibu. Mimi tangu nianze kazi ya punda sijawahi kukisia hadharani.

"Dawa yake?"

"Sindano ya kuumaliza mzio huu hakuna. Zipo za kutuliza, zikiisha anarudi palepale. Mfunike. Shuka lenye chandarua shingoni na kwenye mkia. Muondoe kwenye madimbwi, mfunge juu penye upepo, usubi hauwezi upepo. Na uwe umemfunika saa kumi na moja jioni kabla haujatoka. Si kumi na moja na kitu. Filimbi ya kwanza ikishalia, wote wamekwishatoka nje."

Lakini nimeruka jambo. Huyu mtu aliyekaa kimya usubi ukimnyonya, mtu wa mifugo miaka yake yote, alikuwa hawezi kukaa na ng'ombe. Akiingia zizini, chafya. Moja, tatu, saba. Niliwahi kufika kumi na tisa, nikahesabu upya kwa sababu sikuamini. Macho yanamwagika, pua nyekundu, anachanja ndama huku analia kama amefiwa. Watoto walimwiga njiani. Nilimwuliza siku moja, kwa nia mbaya, nakiri, kwa nini asiombe kukaa ofisini.

"Manyoya ya ng'ombe," akasema, anajifuta. "Mwili wangu nao unapiga mwano. Mimi na Shangazi tumechanjwa chale moja."

"Sasa si uache?"

"Niache ng'ombe kwa sababu ya pua?" Akapiga chafya, akacheka, akaingia zizini.

Hilo nililionea wivu kuliko kiti. Mimi kazi yangu hainilizi hata kidogo, na bado punda wangu hawanipendi hivyo.

Mama Kulwa ndiye aliyeshona shuka. Alichukua shuka letu la kitanda, lile la maua ya zambarau, akaunganisha na chandarua kilichotoboka, akapima shingo ya Shangazi kwa kamba na kukata. Alikaa siku mbili kwenye cherehani anauliza kila dakika, "Bwana Mifugo alisema mkia ufunikwe mpaka wapi?" Alisema hivi, alisema vile. Nilihesabu jina lake katika chakula cha jioni kimoja: mara kumi na nne. Langu, moja, nilipoambiwa nisogeze taa.

Shangazi alivaa. Mwalo mzima ulisimama kutazama bibi harusi. Na wiki ya kwanza, wallahi, alipunguza kujikuna. Wiki ya pili manyoya madogo kama ya kifaranga yalianza kutokeza. Hapo ndipo waendesha mikokoteni walipoanza kusema "punda wa Bwana Mifugo". Yule pale, punda wa Bwana Mifugo. Punda wangu, njia nimemfundisha mimi.

Nilimvua.

Nilimvua nikamwambia Mama Kulwa kwamba shuka limechanika, nikamrudisha kando ya madimbwi na kumpaka oili. Nilimpaka nyingi, juu ya vidonda vibichi, kwa brashi mpya, kama mtu anayefuta jina la mwingine ukutani. Siku ya tano shingo ilikuwa imechimbika. Siku ya saba ilinuka, na nzi wakawa hawaondoki hata akitembea. Alisimama kichwa chini. Hakununa tena, na hilo ndilo lililonitisha.

Siku ya nane akapita mtu wa ngozi. Wako watu wanaozunguka kutafuta punda wa kuchinja, wanataka ngozi tu, na wana pua ya kujua nani amekata tamaa. Alimzunguka Shangazi. "Shingo imeharibika," akasema, "lakini mgongo safi." Mimi huwa sikubali bei ya kwanza ya kitu chochote, hata ya nyanya. Siku ile nilikubali kwa kichwa kabla hajataja bei. Nilijua ninachofanya. Heri aondoke, kuliko Bwana Mifugo aje amponye tena.

Mama Kulwa alitoka ndani na kamba ya punda mkononi, akasimama kati yetu.

"Shangazi hauzwi."

"Mama Kulwa, mimi na huyu bwana tunazungumza."

"Uza wivu wako, kama yuko wa kuununua." Akamgeukia yule mtu. "Na wewe, baba, njia uliyojia ipo bado."

Aliyemwita Bwana Mifugo ni Mama Kulwa, si mimi. Akaja, akaona kidonda, akaona oili, akaniona mimi. Nilikuwa nimetayarisha majibu manne. Hakuuliza. Aliomba maji yaliyochemshwa yenye chumvi, akaosha kile kidonda kwa mikono miwili mpaka jua likazama, anampulizia Shangazi maneno ya Kisukuma ya kumbembeleza mtoto, na alipomaliza akaniambia neno moja tu: "Wabeja." Asante. Mpaka leo sijui alinishukuru kwa nini. Huenda kwa kushika ndoo.

Shangazi alipona taratibu. Shuka likarudi, na kwa sababu sikuweza kulivua tena, nililifanya langu. Aliyeniuliza nilimwambia, "Hili? Nililiwaza mwenyewe." Bwana Mifugo alikuwa amehamishwa wakati huo, kisha nikasikia amestaafu, hakuna wa kunipinga isipokuwa mke wangu, naye alichoka. Punda mwingine akaanza kujikuna, nikaelekeza. Wa tatu, wa kumi. Leo huku Bugarama wanaita "shuka la Baba Kulwa", na mafundi cherehani wawili wanalishona.

Kitu kimoja tu nilikibadilisha ili kiwe changu kweli. Saa kumi na moja ndiyo saa ya maji. Wachimbaji wanatoka maduarani, kila mtu anataka dumu la kuoga, mama lishe wanataka la kupikia, na punda mmoja kwa saa ile anafanya kazi ya asubuhi nzima. Kumfunika saa kumi na moja ni hasara. Kwa hiyo nilipatana na nafsi yangu, kama ninavyopatana na yeyote, na tukakubaliana saa kumi na mbili. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watu.

Mwaka huu nilikwenda Kolandoto kumwona ndugu aliyelazwa hospitalini. Nikiwa kule nikaelekezwa kwa mstaafu mmoja wa mifugo anayepiga chafya. Sikuhitaji jina.

Nilimkuta uani, amekonda, kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, Baba Kulwa. Shangazi hajambo?"

Alimuulizia punda kabla ya mke wangu. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha: Shangazi amesimama, amevaa. Aliipokea simu kwa mikono miwili. Akaipanua picha kwa vidole, taratibu, mpaka shingo ikajaa kioo. Palibaki pale ukanda mwembamba wa manyoya yaliyovunjikavunjika, ambao mimi nilikwisha kuacha kuuona.

"Amepona kabisa," nikasema.

"Anajikuna bado."

"Kidogo."

"Mnamfunika saa ngapi?"

"Jioni."

"Jioni saa ngapi, baba?"

Jirani yake alikuwa anapitisha ng'ombe. Bwana Mifugo akapiga chafya tatu. Nilizihesabu ili nipate muda.

"Kumi na mbili," nikasema.

Hakunikaripia. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. "Nasikia wanaovaa wameongezeka huko."

"Thelathini na mmoja." Nilijua bila kufikiri, nawahesabu mara mbili kila mwezi, ndio fahari yangu.

"Wote saa kumi na mbili?"

"Wote."

"Basi wote thelathini na mmoja filimbi zinalia kila jioni, halafu ndiyo wanafunikwa." Akanirudishia simu. "Masikini."

Nilikaa nikisubiri aulize habari ya jina la shuka. Alikuwa amelisikia, lazima, kama amesikia wameongezeka. Nilikuwa na majibu manne mapya. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza pacha wangu, Kulwa na Dotto, wamefika darasa gani. Jina halikuwa hata mlangoni pa mawazo yake, na nikamwonea wivu hapo, kwa mara ya mwisho na kwa ukali kuliko zote: kwamba huyu mtu mwili wake unapigia ng'ombe mwano, lakini juu ya mtu aliyemwibia haukupuliza hata filimbi moja.

"Bwana Mifugo," nikasema, "lile shuka..."

"Ni saa tu, Baba Kulwa. Rekebisha saa."

Nilirudi kesho yake. Mchana nikaenda kwa Mama Neema, wanapokula waendesha mikokoteni wote, nikasimama badala ya kukaa.

"Ile saa niliyowapa ni ya uongo," nikasema. "Ni kumi na moja, si kumi na mbili. Na shuka si langu."

Vijiko vilisimama. Mama Neema akashika kiuno. "La nani sasa, jamani?"

"La Bwana Mifugo."

"Yule wa chafya?"

"Huyohuyo."

"Si ndiyo tulivyokuwa tunasema siku zote!" Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Sikuwahesabu.

Jioni ile jua lilikuwa bado juu ya karasha. Wachimbaji walikuwa wanatoka, vumbi mwili mzima, madumu yanagongana. "Baba Kulwa, maji!" Tayari nilikuwa nimempandisha Shangazi juu penye upepo, na shuka la maua ya zambarau nimelishika kwa mikono miwili. "Baba Kulwa, huku, maji!"

"Kesho," nikajibu.

Nikatazama saa kwenye simu. Kumi na moja kamili. Nikaitazama tena, kisha nikamfunika.